Tathmini ya kadi ya Intel 7260HMW: kadi nzuri ambayo kompyuta yako inaweza kuikataa

Kadi ninayoitathmini ni Intel Dual Band Wireless-AC 7260, kadi ya Wi-Fi ya umbo la Mini PCIe (kadi ndogo inayochomekwa kwenye tundu lililo ndani ya kompyuta mpakato), ambayo kwenye kibandiko chake huandikwa 7260HMW. Nimeijaribu katika kompyuta mpakato mbili za zamani, yangu na ya shangazi yangu, zote za miaka ya mwanzo ya 2010. Yangu inaitumia hadi leo na sina mpango wa kuibadilisha. Ya shangazi iliikataa kabla hata mfumo endeshi haujaanza kupakiwa. Kadi ilikuwa ile ile, iliingia barabara katika nafasi zote mbili, na skrubu zilikaza bila tabu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu kompyuta inayoipokea kadi, kwani nimeona watu wakiitupa kadi nzima, au wakimrudishia muuzaji kwa hasira, ilhali aliyekataa hakuwa kadi.

Kompyuta yangu ilikuja na kadi yenye chipu ya Atheros AR9285. Siilaumu, kwa maana imenitumikia miaka mingi bila kuyumba, lakini hupokea bendi ya GHz 2.4 peke yake, na kasi ya kiungo chake haiwezi kuvuka megabiti 150 kwa sekunde. Nilipofungiwa ruta mpya yenye bendi mbili, jina la mtandao wa GHz 5 lilionekana kwenye simu lakini halikuonekana kabisa kwenye kompyuta. Mtu asiyelijua jambo hili hudhani kwamba kadi imeharibika, kisha hupoteza siku nzima akifuta na kusakinisha upya dreva, yaani programu inayoiendesha kadi, ilhali kadi haikuundwa kusikia masafa hayo tangu mwanzo, na hakuna dreva inayoweza kuipa redio isiyokuwa nayo. Nilirudi kwenye GHz 2.4, nikakuta msongamano. Katika bendi hiyo njia zisizoingiliana ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na majirani wote wenye ruta huzigombea hizo hizo.

Niliichagua 7260 kwa sababu ambazo bado naziona za haki. Ilitolewa mwaka 2013, wakati kompyuta nyingi zilikuwa bado na nafasi za Mini PCIe, kwa hiyo umbo lake la nusu, lenye upana wa milimita 30 na urefu wa milimita 26.8, huingia katika kompyuta hizo bila kiunganishi chochote cha kati. Inasikia bendi zote mbili, hutumia antena mbili kwa wakati mmoja, hufikia kasi ya kiungo ya megabiti 867 kwa sekunde katika GHz 5, na ina Bluetooth 4.0 juu ya ubao huo huo. Njia moja ya PCIe (mfumo wa kupitishia data kati ya kadi na ubao mama) ya kizazi cha kwanza, ambayo ndiyo iliyopo hata katika nafasi za kadi za kompyuta za zamani sana, hupitisha takribani gigabiti 2 kwa sekunde, kwa hiyo uzee wa ubao mama hauibani kadi hii. Upande wa programu, ina dreva za Windows 7, 8 na 10, na Linux huitambua tangu kerneli (kiini cha mfumo huo) ya 3.10.

Kuna watakaouliza kwa nini nisingeruka moja kwa moja hadi kwenye kadi ya Intel AX200 ya mwaka 2019, ambayo ni ya kizazi cha Wi-Fi 6. Swali ni la msingi. AX200 ni ya umbo jipya zaidi liitwalo M.2, kwa hiyo katika nafasi ya Mini PCIe inahitaji ubao wa kubadilishia umbo, na vichwa vyake vya antena ni vidogo kuliko vile vya kadi za zamani, hivyo kebo zilizomo ndani ya kompyuta hazivishiki. Dreva yake ya Windows inaanzia Windows 10 ya biti 64, na Linux huihitaji kerneli ya 5.1 au mpya zaidi. Anayeyamudu yote hayo ataifurahia. Ila achunguze sana asiuziwe AX201 kwa kudhani ni ndugu aliyeboreshwa: AX201 inafanana na AX200 kwa macho, inaingia kwenye tundu lile lile, lakini sehemu ya kazi yake imehamishiwa ndani ya chipu kuu za Intel za miaka ya karibuni, na katika kompyuta isiyo na chipu hizo haitaonekana kabisa. Hii ndiyo kadi inayowaliza watu wengi, na hakuna marekebisho yoyote yanayoweza kuifanya ifanye kazi katika kompyuta ya zamani.

Familia ya 7260 nayo ina mitego yake ya majina, na hapa msomaji asome kibandiko chenyewe badala ya kichwa cha tangazo. 7260NGW ni ile ile kwa uwezo, lakini ni ya umbo la M.2, haiingii Mini PCIe. Halafu kuna kadi iliyoandikwa Wireless-N 7260, ambayo haina GHz 5 kabisa. Mtu anayeinunua kwa kuona namba 7260 pekee atajikuta palepale alipokuwa. Maneno ya kutafuta ni “Dual Band Wireless-AC 7260” pamoja na herufi HMW. Kadi hii haitengenezwi tena, kwa hiyo zinazopatikana ama zimetolewa kwenye kompyuta nyingine ama ni masalio ya akiba, na kadi iliyotolewa kwenye kompyuta nyingine inaweza kuwa na utambulisho wa mtengenezaji wa kompyuta hiyo ndani yake. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Nitalirudia nikifika kwa shangazi, kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu.

Kabla ya kuitoa kadi ya zamani niliiuliza kompyuta inayo nini. Katika Linux amri ya lspci -nn huonyesha kila kifaa pamoja na namba zake mbili, ya kampuni na ya modeli. Ya kwangu ilisema 168c:002b, ambayo ni AR9285. Katika Windows namba hizo hizo hupatikana ndani ya dirisha la kusimamia vifaa, kwenye sifa za kadi, sehemu ya vitambulisho vya kifaa, baada ya herufi VEN na DEV. Ukiona 8086 mwanzoni, ni ya Intel. 14e4 ni Broadcom. 10ec ni Realtek. Nawasihi wanaotaka kubadilisha kadi waziandike namba hizi kwenye karatasi kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu ndizo zitakazowaonyesha baadaye kama kompyuta inaitambua kadi mpya au inaendelea kukumbuka ya zamani.

Ufungaji wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Nilizima kompyuta kabisa, nikatoa chaji na betri, nikagusa chuma kisicho na rangi ili kuondoa umeme tuli, nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa kebo mbili za antena kwa kuziinua wima kwa ukucha. Vichwa hivi ni dhaifu, vimekusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa takribani mara 30 tu, kwa hiyo si vya kuchezea. Nilipiga picha kabla ya kuzichomoa ili nijue ipi ilikuwa kwenye namba 1 na ipi kwenye namba 2, maana rangi za kebo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine na haziaminiki. Mwenye nafasi ya umbo zima, yenye urefu wa karibu milimita 51, atahitaji kipande cha kurefushia kadi ili ifikie skrubu. Kwangu nafasi ilikuwa ya nusu.

Niliwasha. Kompyuta ilianza kama kawaida, lspci ikaonyesha kadi mpya ya Intel, dreva ya iwlwifi ikapakiwa pamoja na programu dhibiti ya kadi, na hakukuwa na kosa hata moja katika kumbukumbu za kerneli. Hata hivyo hakuna mtandao uliopatikana. Orodha ilikuwa tupu kabisa, si GHz 5 wala GHz 2.4.

Hapa ndipo nilipojifunza kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: kukataliwa kunatokea wapi katika safari ya kadi? Kompyuta ikisimama kwa ujumbe wa kosa kabla mfumo endeshi haujaanza, anayekataa ni BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, na dreva haihusiki kwa vyovyote. Mfumo ukianza lakini kadi isionekane katika orodha ya vifaa, tatizo liko kwenye mguso wa pini, kwenye nafasi yenyewe, au kadi ni ya aina isiyofaa kama ile AX201. Kadi ikionekana lakini ikakosa mwendeshaji, hapo ndipo dreva na programu dhibiti zinapohusika. Ikiwa dreva ipo na kadi imebaki kimya, kuna kitu kinachoizima. Na ikiwa inaona mitandao lakini haiungi, basi tazama usalama wa ruta, bendi na antena. Watu wengi huanzia kwenye dreva kwa sababu dreva ndiyo iliyo karibu na mikono, nami nilifanya hivyo hivyo katika nusu saa ya kwanza, nikasakinisha upya kitu ambacho hakikuwa na ugonjwa.

Amri iliyonitoa gizani ni rfkill list ya Linux, inayoonyesha kama redio imezuiwa. Ilionyesha kwamba kizuizi cha programu hakikuwapo, lakini kizuizi cha vifaa kilikuwapo: “Hard blocked: yes”. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Kizuizi cha programu huondolewa kwa amri ya rfkill unblock au kwa kubonyeza kitufe ndani ya mfumo. Kizuizi cha vifaa kinatoka kwenye umeme halisi unaofika kwenye pini ya kadi, na hakuna amri ya mfumo inayoweza kukiondoa. Katika Windows hali hiyo hiyo hujitokeza kama redio iliyozimwa ambayo haikubali kuwashwa hata ubofye mara ngapi.

Kompyuta yangu haina swichi ya pembeni ya kuzimia Wi-Fi; ina kitufe kinachobonyezwa pamoja na Fn, na taa yake ndogo ilibaki nyekundu. Nilikibonyeza bila mafanikio. Niliingia BIOS nikahakikisha kwamba kadi za mtandao hazikuzimwa huko, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, kisha nikazima, nikatoa betri na chaji, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Hatua hii ya mwisho huwasaidia wengi, na naipendekeza kabla ya kufanya jambo lolote zito zaidi. Kwangu haikusaidia.

Maelezo ya kilichokuwa kikitokea ni haya. Nafasi ya Mini PCIe ina pini 52, na pini ya 20 kazi yake ni kuizima redio: kompyuta ikiishusha volti yake hadi karibu na sifuri, kadi hulazimika kunyamaza. Kadi ya zamani na kitufe cha Fn zilikuwa zikielewana kupitia programu ya mtengenezaji wa kompyuta, na bila kadi ile waya huo ulibaki umeshushwa chini muda wote. Kadi mpya ilikuwa ikitii amri halali iliyokuja kwenye pini sahihi. Haikuwa na kosa, na kwa kweli hata kompyuta haikuwa imeharibika. Zilikuwa mbili zisizowahi kukutana.

Dawa ni kuifunika pini ya 20 kwa utepe mwembamba wa kuhami umeme unaostahimili joto, ule wa rangi ya kaharabu unaotumiwa na mafundi wa simu. Pini zenye namba shufwa ziko upande wa nyuma wa kadi, na zile witiri ziko mbele, upande wa kibandiko na chipu. Kwenye ukingo wa kadi kuna mkato, na mkato huo uko kati ya pini ya 16 na ya 18 kwa upande wa shufwa, kwa hiyo ukivuka mkato kuelekea upande wenye pini nyingi, ya kwanza ni 18 na ya pili ni 20. Umbali kati ya pini na pini ni milimita 0.8 tu. Nilikata kipande cha utepe kwa wembe, nikatumia kioo cha kukuzia, na mara ya kwanza nikakikosea, kikafunika ya 22 pia. Pini hiyo ndiyo inayopeleka ishara ya kuianzisha kadi upya, na kadi haikuonekana kabisa hadi nilipokitoa. Ukiteleza upande wa pili na kuifunika ya 18 hutadhurika, kwa kuwa hiyo ni ya ardhi na kadi ina nyingine nyingi za aina hiyo. Mtu mwenye mikono inayotetemeka au macho yaliyochoka na ampe fundi kazi hii. Si aibu, na kipande kinachong’oka ndani ya tundu kinaweza kuleta shida ambayo ni ghali kuliko kadi.

Baada ya hapo rfkill ilisema “Hard blocked: no”, na mitandao yote ikajitokeza. Gharama ya suluhisho hili lazima niiseme waziwazi: kitufe cha kuzimia Wi-Fi hakizimi tena redio kwa njia ya umeme, na anayetaka kuizima hana budi kutumia mfumo. Kwangu si tatizo. Kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo redio lazima zizimwe kwa swichi halisi, ni tatizo la kweli na asilichukulie kwa wepesi.

Bluetooth ilikuwa na kisa chake kifupi. Katika kadi hizi Wi-Fi hupita kwenye PCIe, lakini Bluetooth hupita kwenye nyaya za USB zilizomo katika tundu lile lile, pini za 36 na 38. Kuna kompyuta ambazo mtengenezaji hakuzivuta nyaya hizo mpaka kwenye tundu, kwa kuwa kadi ya awali haikuwa na Bluetooth, na katika kompyuta hizo Wi-Fi itafanya kazi vizuri huku Bluetooth ikiwa haipo kabisa. Njia ya kujua ni amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB: ikionekana 8087:07dc, Bluetooth ya 7260 imeunganishwa. Yangu ilionekana. Kama isingeonekana, nisingeitafutia dreva, maana hakuna dreva ya waya usiokuwepo.

Katika matumizi, kadi hii imenipa nilichokitaka na zaidi kidogo. Nikiwa chumba kimoja na ruta, kasi ya kiungo huonyeshwa kuwa megabiti 866.7 kwa sekunde, ambayo ndiyo dari yake, na kunakili mafaili kati ya kompyuta yangu na diski ya mtandao kumeacha kuwa kazi ya kuachia usiku kucha. Nikiongeza kuta mbili kiungo hushuka, kama ilivyo kwa GHz 5 yote, na hapo nahamia GHz 2.4 bila kujisumbua. Namba inayofaa kukumbukwa ni 433: ukiona kiungo chako cha GHz 5 hakipandi juu ya hapo hata ukikaa karibu na ruta, mara nyingi maana yake ni kwamba antena moja haikushika vizuri na kadi inatumia mkondo mmoja badala ya miwili. Nilikumbana nayo siku ya pili; kichwa cha kebo ya pili kilikuwa kimekaa juu ya pini bila kubana, nikakisukuma mpaka kikatoa mlio mdogo, na kasi ikarudi. Namba nyingine ni 54. Ruta ikiwa bado imewekwa kwenye usalama wa zamani wa WEP au TKIP, kanuni za Wi-Fi zenyewe huzuia kasi mpya, na kadi yoyote, hata iwe mpya kiasi gani, itabaki 54. Weka WPA2 yenye AES kabla ya kuilaumu kadi.

Kwa matokeo hayo nilijawa na imani. Shangazi yangu ni mwalimu, na anatayarisha masomo yake kwa kompyuta iliyonunuliwa karibu wakati mmoja na yangu. Naye alikuwa haioni GHz 5. Nilimwambia, “Shangazi, hili nalijua, nipe jioni moja tu.” Nilichomoa kadi yangu ili kuijaribu kwake kabla hatujatafuta ya pili, jambo ambalo nashukuru sana kwamba nililifanya.

Kompyuta yake ilipowashwa, nembo ya mtengenezaji ilionekana, kisha kioo kikawa cheusi chenye mistari michache ya maandishi meupe: kifaa cha mtandao kilichofungwa hakitambuliki, mfumo umesimamishwa, kitoe kisha uwashe upya. Hakuna kitufe kilichokubali. Kwa kipimo nilichokieleza juu, jibu lilikuwa wazi papo hapo: mfumo endeshi ulikuwa haujaguswa, kwa hiyo aliyekataa ni BIOS. Niliitoa kadi, kompyuta ikaanza kama kawaida, na shangazi akavuta pumzi.

Baadhi ya watengenezaji wa kompyuta mpakato, si wote, waliweka ndani ya BIOS orodha ya kadi zinazoruhusiwa, na kadi isiyo katika orodha husimamisha mashine. Sababu inayotolewa ni kwamba redio na antena hupitishwa pamoja na mamlaka za mawasiliano, kama FCC ya Marekani, na kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mchanganyiko alioupitisha. Sababu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini siikubali kama haki ya kumnyima mwenye mali matumizi ya mali yake. Watengenezaji wengine waliokuwa chini ya mamlaka hizo hizo waliuza kompyuta zinazopokea kadi yoyote, na yangu ni mojawapo. Mtu aliyenunua mashine kwa fedha zake alistahili angalau kuambiwa kabla ya kununua kwamba kuna orodha. Shangazi hakuambiwa, na mwongozo wa mtumiaji uliokuja na kompyuta yake hauitaji orodha hiyo popote.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba orodha hiyo haitazami modeli ya chipu pekee. Kila kadi hubeba namba mbili za kampuni na modeli, na juu yake namba nyingine mbili za utambulisho mdogo, zinazosema kadi ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Kwa hiyo kadi mbili za 7260 zinaweza kuwa pacha kwa kila kipande cha bati na silikoni, moja ikakubaliwa na nyingine ikakataliwa kwa sababu ya tarakimu hizo. Ndiyo maana kadi iliyotolewa kwenye kompyuta ya mtengenezaji mmoja inaweza kukataliwa katika ya mwingine, na ndiyo maana muuzaji anayesema “ni ile ile” anaweza kuwa anasema kweli na bado ukapata hasara. Amri ya lspci -nnv huonyesha utambulisho huo mdogo kwenye mstari wa Subsystem.

Nilitafuta mwongozo wa matengenezo wa kompyuta ya shangazi, ule wa mafundi, ambao una jedwali la kadi zinazokubalika pamoja na namba za sehemu. Hii ndiyo njia iliyo safi kuliko zote: kununua kadi yenye namba ile ile ya sehemu iliyomo katika jedwali. Kwa bahati mbaya kila kadi iliyoorodheshwa kwa modeli yake ilikuwa ya GHz 2.4 tu, hivyo kununua mojawapo kungekuwa kubadilisha shati kwa shati. Njia nyingine inayopendekezwa sana na mafundi ni kuandika BIOS iliyorekebishwa ili kuondoa ukaguzi huo. Inawezekana, na kuna wanaoifanya kwa ustadi. Sikuifanya. Uandishi ukikatika katikati, au faili likiwa la modeli iliyo karibu lakini si yenyewe, kompyuta haitawaka tena mpaka chipu ya BIOS iandikwe upya kwa kifaa maalumu, na mashine ile ina masomo ya mwaka mzima wa mwalimu. Wapo pia wanaoshauri kompyuta ilazwe usingizini kisha kadi ibadilishwe ikiwa bado ina umeme, ili BIOS isipate nafasi ya kuikagua. Nawaomba wasomaji wasijaribu hilo. Nafasi ya Mini PCIe katika kompyuta hizi haikuundwa kubadilishiwa kadi ikiwa na umeme, na ubao mama unaweza kuungua.

Tuliishia kwenye adapta ya USB yenye chipu ya MediaTek MT7612U, ambayo ina bendi zote mbili na mikondo miwili. BIOS haina la kusema kuhusu vifaa vya USB, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Linux huiendesha yenyewe tangu kerneli ya 4.19 bila kusakinisha chochote. Kompyuta ya shangazi ina matundu ya USB 2.0 peke yake, ambayo dari yake ni megabiti 480 kwa sekunde hata kabla ya kutoa gharama za mawasiliano ya ndani, kwa hiyo adapta haifikii ilichoandikiwa kwenye boksi. Inachomoza pembeni, na shangazi ameshaipiga kwa kiwiko mara mbili. Lakini anaona GHz 5, anapakua video za masomo bila kukatikakatika, na kadi yake ya zamani nimeiacha ndani ikiwa imezimwa kwenye mfumo ili zote mbili zisigombanie mtandao mmoja.

Kwa hiyo 7260HMW naipendekeza bila kusita kwa mwenye kompyuta ya Mini PCIe isiyo na orodha ndani ya BIOS, hasa anayetumia Linux au ambaye bado yuko kwenye Windows 7 kwa lazima. Siipendekezi kwa anayetafuta Wi-Fi 6, wala kwa mwenye kompyuta ya M.2, ambaye ana kadi mpya zaidi za kuchagua. Usiinunue kabla ya kusoma mwongozo wa matengenezo wa modeli yako hasa, kwa namba yake kamili, na kama mwongozo haupo, azima kadi yoyote tofauti kwa rafiki na uiwashe mara moja tu: ikiwa BIOS itaipitisha kadi ngeni isiyo katika kompyuta ile tangu mwanzo, una sababu nzuri ya kuamini kwamba na hii itapita. Unaponunua, mwombe muuzaji picha ya kibandiko yenye maneno yote yanayosomeka, na mkubaliane kabla kwamba kadi ikikataliwa na BIOS ataipokea. Niliponunua yangu sikuuliza hilo la pili, na kama ningeanza na kompyuta ya shangazi badala ya yangu, ningebaki na kadi mkononi.